Kumhakiki Asiyeweza Kujibu

Nyumba ya Mwalimu,
Shule ya Shamba, njia ya Kachibora,
Kitale.

Mwanangu Nafula,

Mama yako amekwisha kulifunga sanduku lako, na kwa jinsi ninavyomfahamu amekwisha pia kukueleza habari za sabuni, za blanketi, na za wasichana wa kuepukana nao. Hayo sitayarudia. Yeye huyasema vizuri kuliko mimi, na wewe humsikiliza. Mimi ninaandika kwa sababu tangu Jumapili hujaniambia neno ila "ndiyo, baba" na "hapana, baba", na kesho basi la Bungoma litakupeleka kwenye shule ya bweni ambako, nasikia, barua za wazazi husomwa kwanza na mwalimu wa zamu. Hii nitakupa mkononi usiku huu, ili isipite machoni pa mtu mwingine.

Ninataka tuzungumze juu ya neno lile lililotufikisha hapa.

Neno kuhakiki nililijua zamani, kama wengi wetu wa huku bara tunavyolijua. Karani huhakiki mzigo. Askari huhakiki kipande cha mtu barabarani. Kwetu sisi lilikuwa na maana ya kuthibitisha, basi. Chuoni, mwalimu wetu wa Kiswahili, mzaliwa wa Mombasa, alilitumia kwa namna nyingine. Alitusomea insha ya mwenzetu mmoja, kisha akatutaka tuseme lolote juu yake. Wa kwanza akasema ni insha nzuri mno. Wa pili akayataja makosa yake yote, bila kusaza hata moja. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Huyu amesifu, na yule amekosoa," alisema. "Hamjahakiki bado. Kusifu ni rahisi, na kukosoa ni rahisi zaidi. Mhakiki hukaa na kitu mpaka akijue kwa hakika: kilikusudia nini, kimefika wapi, kimekwama wapi, na ni kwa sababu gani."

Unajua nilivyokwenda chuoni. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nikakaa dawati moja na vijana waliokuwa wakiniita "mzee" kwa dhihaka. Kila kilichotolewa pale nilikishika kwa mikono miwili, ili pasiwe na mtu wa kusema nimechelewa bure. Neno hilo nalo nililishika hivyo. Nililiandika ndani ya jalada la kila daftari. Usiku kabla ya kulala nilikuwa nikihakiki mahubiri ya mchana, chakula cha jioni, hata mwendo wa mkuu wa chuo. Mwenye shoka jipya hukata hata mti unaompa kivuli. Hilo sikulijua wakati ule.

Babu yako, Kuka, alifariki juma lile lile nilipomaliza mtihani wa mwisho. Wewe ulikuwepo kwetu Bokoli tangu mwanzo wa ugonjwa wake, pamoja na mama yako. Mimi nilifika kaburi likiwa tayari limechimbwa.

Kwa hiyo ulikuwepo pia siku ya tatu, siku ya kunyoa. Nakueleza tena mambo uliyoyaona kwa macho yako kwa sababu nataka ujue yalivyoonekana kutoka pale niliposimama mimi. Wafiwa walinyolewa nywele tangu asubuhi. Kisha watu wakaketi uani kwa duara, na kama ilivyo desturi, wale waliomwuguza wakasimama kuueleza ugonjwa: ulianza lini, ulishika wapi, ni dawa gani alipewa, na alisema nini mwishoni. Mama yako alisema. Senge Nanjala, shangazi yangu, dada wa marehemu, alisema. Baada yao ukaja wakati wa watu wa rika lake, waliotahiriwa naye msimu mmoja. Hao wana ruhusa ambayo hata mjane hana. Watu wetu hawamwoshi maiti kwa maneno, na kasoro za mtu hutajwa na wale waliokuwa wakizitaja mbele yake alipokuwa hai.

Mzee Makokha alianza, na fimbo yake begani.

"Wekesa alikuwa mwizi!" alipiga kelele. "Mwizi wa nyama! Msimu ule tuliokuwa jandoni alinilia mfupa wangu, na mpaka leo hajanirudishia. Ati amekufa! Amenikimbia huyo!"

Watu wakacheka. Bibi yako, Kukhu, akacheka na kichwa chake kimetoka kunyolewa.

"Na sauti yake je?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Wee, nyamaza!" Makokha akajibu. "Sauti gani? Mnasema alikuwa hodari wa kuongoza maksai, kwamba hakutumia mjeledi. Mjeledi wa nini? Maksai walikuwa wakiukimbia wimbo wake!"

Nilisimama wakati kicheko hicho hakijaisha. Sikuitwa. Nilikuwa nimevaa koti la chuo, na katika njia nzima ya kutoka stesheni ya Bungoma nilikuwa nimezipanga sentensi zangu. Nilisema kwamba mambo yaliyotangulia yalikuwa mzaha, na kwamba wakati ulikuwa umefika wa kuyahakiki maisha ya marehemu kwa haki. Nikaanza na mema: bidii yake ya kazi, na mkono wake mwepesi kwa wanyama. Kisha nikaingia katika kasoro. Nilisema alikwenda katika mashamba ya Wazungu huku Kitale wakati pori lilipokuwa bado linafyekwa, akatuacha Bokoli bila baba. Nilisema ni mjomba wangu, ndugu yake Kukhu, aliyenipeleka shule, wala si yeye. Mwishoni nikaisema kasoro niliyoiita kubwa kupita zote, kwamba mbele ya mwenye nguvu, baba yangu alikuwa mwoga. Nikakieleza na kisa chenyewe.

Kisa kilikuwa hiki. Nilipokuwa na umri kama wako, mama alinichukua tukamtembelee shambani, ng'ambo ya Kachibora. Tulimkuta akirudi na maksai kutoka kulima. Nyapara, mtu wa kwetu kabisa na si Mzungu, alimfokea kwamba amepitisha wanyama mahali pasiporuhusiwa, kisha akaipiga kofia yake kwa fimbo ikaanguka matopeni. Baba aliinama, akaiokota, akaipangusa kwa kiwiko. Halafu akacheka. Alicheka kicheko kizima, kama mtu aliyesimuliwa jambo zuri, na katikati ya kicheko akanitazama. Mimi niliwatazama maksai.

Nilipomaliza kusema siku ile ya kunyoa, nilingoja. Sijui nilingoja nini. Chuoni mtu akimaliza hoja yake wenzake hugonga meza. Nilimwona Mzee Makokha akiishusha fimbo yake begani, akaketi. Kukhu ndiye aliyesema, wala hakuinua sauti.

"Umesema kweli," aliniambia. "Kofia hata mimi niliiona. Sasa nani atakujibu?"

Nafula, hakuna aliyeniambia kwamba nilisema uongo, si siku ile wala baadaye. Ningepata afueni kama mtu mmoja angesimama na kunisahihisha. Nilikuwa na haki katika kila sentensi, na kila sentensi imekaa nami tangu wakati huo kama mgeni asiyeaga. Ninapoyasahihisha madaftari ya watoto wa shamba, husikia sauti yangu mwenyewe ikisema "kasoro yake kubwa". Ninapooga huisikia. Kukhu, nikienda Bokoli, hunipakulia chakula kama zamani, lakini halitumii tena jina langu. Huniita Mwalimu. "Mwalimu, ongeza mchuzi." "Mwalimu, umewaachaje wa Kitale?" Majirani hudhani ananiheshimu.

Na yeye baba huja. Siku hizi watu waliosoma huona haya kuyasema mambo haya, lakini nimeamua barua hii isiwe na haya. Huja akiwa amenipa mgongo, ameketi juu ya kigogo, na mimi ndotoni nimesimama nyuma yake nikiwa na karatasi. Hageuki. Namwuliza, "Baba, mbona ulicheka?" Naona mabega yake yakitikisika, na kila mara naamka kabla sijajua kama anacheka tena au analia.

Kisha akazaliwa ndugu yako mdogo, akalia juma zima. Mama yako na Senge wakayaita majina ya waliotutangulia, moja baada ya jingine, kama ilivyo mila, wasikie ni lipi litakalomtuliza. Nilikuwa mlangoni. Nilijua kabla hawajalitaja. Waliposema "Wekesa", mtoto akanyamaza, akaanza kunyonya. Senge alishangilia, na wewe ulipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Tangu siku hiyo jina la baba yangu huitwa nyumbani mwangu asubuhi na jioni. Zamu yangu ya kumbembeleza inapofika, nami husema, "Nyamaza, Wekesa, nyamaza," na kila mara hujisikia ninamwambia mtu mwingine, ambaye nimekwisha kumnyamazisha mara moja.

Nimefikiri sana juu ya Makokha. Kasoro alizozitaja hazikuwa nyepesi kuliko zangu, na wizi si neno dogo. Hata hivyo Kukhu alicheka. Mwanzoni nilijiambia ni kwa sababu ya mzaha, kwamba watu wetu hawajazoea ukweli usiopakwa sukari. Siamini hivyo tena. Makokha alisema "mfupa wangu". Alikuwemo ndani ya kosa lile, njaa ya jandoni ilikuwa yake pia, na maneno hayo alikuwa ameyarudia usoni pa Wekesa kwa miaka mingi naye akipata majibu yake, pengine matusi. Mimi nilihukumu kama mtu aliyesimama barazani akiitazama mvua inayowanyeshea wengine. Kisa cha kofia nilikihifadhi tangu utoto, nikakibeba mpaka nikaota ndevu. Katika miaka hiyo yote tuliketi pamoja, tukala pamoja, tukatembea pamoja njia ndefu ya kwenda Naitiri kununua ndama. Ningeweza kumwuliza wakati wowote. Nilingoja mpaka akazikwa, ndipo nikatoa jibu langu mwenyewe.

Labda alikuwa mwoga. Labda alicheka ili mimi nisiogope. Labda alimwona yule nyapara kuwa kichekesho kweli kweli. Mhakiki anatakiwa ajue ni lipi, nami sitajua kamwe. Kicheko kile hakina mwenyewe tena wa kukieleza.

Sasa nafika Jumapili.

Nilikuwa nimewaalika walimu wenzangu chai, na usifikiri sijui kwa nini niliwaalika. Cheti changu kilikuwa kimetoka kutiwa fremu. Wewe ulikuwa ukimimina chai, nami nilikuwa nikiwaeleza tofauti ya kusifu, kukosoa na kuhakiki, na Mwalimu Barasa akanikata kauli.

"Aa, Simiyu! Wewe na maneno yako ya pwani, bana! Si useme tu kukosoa, tunywe chai?"

"Si sawa hata kidogo," nilimjibu. "Mkosoaji huangalia upande mmoja. Mhakiki huangalia pande zote."

"Haya basi, tupe mfano. Lakini uwe mfupi, maandazi yanapoa."

Hapo ndipo uliposema, birika likiwa bado mkononi mwako. Hukusema kwa ufidhuli. Nimeirudia sauti yako mara nyingi, na nina hakika ulikuwa ukinisaidia, kama mwanafunzi anayetaka somo la baba yake lifanikiwe.

"Mfano ni ule wa Kuka. Baba alimhakiki Kuka siku ya kunyoa." Kisha ukakunja uso kama unavyoukunja ukipata hesabu isiyotoka. "Lakini baba, si umesema pande zote? Mbona siku ile hukusema kwamba yeye alikuwa akikuita, na wewe hukuja?"

Nilikupiga kofi. Birika lilianguka, chai ikamwagikia viatu vya Barasa, naye akasema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "Basi, sisi tumeshiba. Twende, jamani." Mama yako alikuchukua mkono akakutoa nje. Mimi niliachwa na maandazi.

Nilikosea. Ninaandika neno hilo peke yake, bila kulivisha koti. Ulifanya lile ambalo mimi sikulifanya, yaani ulimwuliza mtu swali lake akiwa hai, mbele yake, akiwa na ulimi wa kujibu. Nami nikajibu kwa mkono.

Wewe unakwenda huko ili ufundishwe kuhakiki, na watakufundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa. Utahakiki insha, utahakiki mashairi, na siku moja utawahakiki watu, kwa maana hakuna anayekaa darasani muda mrefu akaishia kwenye vitabu. Ninachokiogopa kwako si ukali, kwa kuwa huna ukali. Ninaogopa kwamba kofi lile limekufundisha kwamba swali la haki hulipwa kwa maumivu, na kwamba kuanzia sasa utayaweka maswali yako moyoni kama mimi nilivyoiweka ile kofia. Nimekuona juma hili. Unapita sebuleni ukitazama chini. Jana nilisoma kwa sauti hotuba niliyoandikiwa niisome siku ya wazazi, na palikuwa na kosa la wazi kabisa ndani yake, na nilikuona umeliona, nawe ukaendelea kuchambua maharage. Mimi nilianza hivyo hivyo, kwa kuwatazama maksai.

Mtu akikukwaza, mwulize angali anaweza kukujibu. Ikiwa huna budi kumsema aliyekwisha kwenda, useme pia kwamba hayupo, ili wanaokusikiliza wajue kwamba upande mmoja wa mizani uko hewani. Na popote ulipo ndani ya habari unayoieleza, hata ukiwa umesimama pembeni kabisa, jitaje. Zaidi ya hayo sijui. Ningekudanganya kama ningesema nimeyashinda.

Lakini swali lako nina deni nalo, nami sitaki likungoje siku ya kunyoa nywele zako kwa ajili yangu. Uliniuliza mbona sikuja alipokuwa akiniita.

Ujumbe ulinifikia, tena si mara moja. Niliwaambia watu kwamba nina mtihani, na kweli nilikuwa nao. Lakini mkuu wa chuo aliniita ofisini, akaniambia naweza kwenda na nitaruhusiwa kuufanya baadaye. Hilo hata mama yako halijui. Nilikataa. Nilijiambia kwamba ni kifua chake cha siku zote, kwamba kitapoa mvua zikikatika. Chini ya hapo palikuwa na jambo jingine. Nilitaka nifike Bokoli nikiwa na cheti mkononi. Nilitaka ainue uso anitazame, na mimi safari hii nisigeukie pembeni, kwa kuwa ningekuwa na kitu cha kumwonyesha. Sikutaka kumkuta amelala, mdogo, akihitaji kushikiwa kikombe. Niliogopa kwamba nikimwona hivyo nitamsamehe, na msamaha ule ungeninyima siku yangu ya kushinda. Basi yeye alikuwa akiniita, na mimi nilikuwa nikizipanga sentensi.

Hilo ndilo jibu langu. Lihakiki. Usinipunguzie kwa sababu mimi ni baba yako, wala usiniongezee kwa sababu nilikupiga. Kama unaona lina sehemu niliyoificha, niulize tena, nami nitajibu kwa kinywa.

Kesho nitalifunga sanduku lako kwenye baiskeli na kuisukuma hadi basi linapoegeshwa, karibu na maduka. Najua si rahisi kwa binti kumwambia baba yake maneno kama hayo uso kwa uso. Kwa hiyo mimi nitatangulia, na wewe utakuwa nyuma yangu, hutalazimika kunitazama. Njia ni ndefu ya kutosha. Nitasukuma polepole.

Baba yako,
Simiyu